Kabwela Ataishi Wapi: Boston au Miami?

Kila mwaka magazeti ya ng'ambo hutoa orodha ya miji ifaayo kuishi, na kila mwaka wako ndugu zetu huzipokea orodha hizo kama maandiko matakatifu. Katika ofisi za matawi, kwenye vibaraza vya kahawa, hata baada ya mikutano yetu, twasikia mabishano: fulani ana mtoto Boston, fulani ana mpwa Miami, na kila mmoja husifu alipo wake. Huyu husema Miami ni peponi, jua mwaka mzima, minazi, samaki wa bahari, tena mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Yule hujibu kwamba Boston ndio mji wa wasomi na waganga. Mabishano hayo si mabaya, lakini yamekosa swali moja ambalo mwanachama wa chama cha wananchi hana budi kuliuliza kabla ya mengine yote. Mji huo ni mzuri kwa nani?

Watungao orodha huhesabu mikahawa, viwanja vya michezo na bei za majumba. Hatujaona hata orodha moja iliyoanza na mama afagiaye vyumba vya hoteli, au kibarua apandaye juu ya paa na nyundo saa nane mchana. Sisi tutaanza na hao.

Tuseme kweli kwanza: kwa hewa, Miami yashinda. Mwezi wa Januari Boston maji huganda, na mtu asiye na koti zito hawezi kungoja basi. Kipusa cha mwaka 2014 hadi 2015 kilileta theluji iliyofika karibu meta 2.8 kwa jumla, na treni za mji zikasimama siku kadhaa. Mfanyakazi wa kulipwa kwa saa akakosa mshahara wake kwa kosa la mawingu. Miami mwezi huo huo ni kama kwetu wakati wa kipupwe. Maembe yapo, mapapai yapo, na watu wa visiwa vya Bahamas waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19 wakajenga Coconut Grove walijua kupanda, kuvua na kujenga kwa mawe ya matumbawe, ujuzi ambao Wazungu waliotoka kaskazini hawakuwa nao.

Lakini jua halimwangazii kila mtu kwa namna moja. Mwenye hoteli huliuza kwa wageni. Kibarua hulibeba mgongoni. Katika wilaya ya Miami-Dade wako watu wengi sana wafanyao kazi nje: wajenzi, wapauaji, watunza bustani, wavunaji wa mashamba ya kusini kuelekea Homestead. Joto lao pamoja na unyevu wa bahari huua watu. Wafanyakazi hao walijikusanya wakadai mambo matatu ambayo hata mfugaji humpa ng'ombe wake: maji, kivuli na mapumziko. Wilaya ikaanza kutengeneza sheria ndogo ya kuwalinda. Je, ikawaje? Mwaka 2024 Bunge la jimbo la Florida likapitisha sheria, gavana akaitia sahihi, kwamba hakuna mji wala wilaya yoyote yenye ruhusa ya kuwalazimisha waajiri watoe ulinzi dhidi ya joto kupita ule uliowekwa na serikali za juu. Na serikali za juu zilikuwa hazijaweka lolote la maana.

Twawaomba wasomaji wetu wasilipite jambo hili haraka. Mji wenyewe ulijua taabu yake. Mwaka 2021 Miami-Dade ilikuwa ya kwanza Marekani kumweka ofisa mkuu wa mambo ya joto. Wanyonge walisema, madiwani wakasikia, kisha wakubwa walio mbali na jua hilo, ndani ya vyumba vya barafu huko Tallahassee, wakawaambia: nyamazeni. Sisi tuliotawaliwa twaijua sauti hiyo. Ni sauti ya gavana wa kikoloni alipowaambia wenyeji kwamba baraza lao lina ruhusa ya kujadili mifereji na majalala, lakini mishahara haiwahusu.

Sasa tuje kwenye mshahara, maana hapo ndipo wasifu Miami hupenda kupigia kelele. Ni kweli Florida haitozi kodi ya mapato, na Massachusetts hutoza asilimia 5. Basi mtu akisikia hivyo hudhani kabwela wa Miami amepona. Atazame vizuri. Miami kila anunuapo kitu dukani, isipokuwa chakula na baadhi ya mahitaji, hulipa kodi ya asilimia 7, na kodi ya namna hiyo haijui tajiri wala maskini. Anayetumia mshahara wake wote dukani ndiye anayeilipa zaidi kwa kadiri ya pato lake. Huko Massachusetts wananchi walipiga kura mwaka 2022 wakakubali kwamba mwenye pato la kupita dola milioni moja kwa mwaka alipe asilimia 4 zaidi juu ya ile ziada, na fedha hizo ziende kwenye elimu na usafiri. Matajiri walitisha kwamba watahama. Sheria ikaanza mwaka 2023, na mwaka 2024 jimbo likafungua vyuo vyake vya miaka miwili kwa wenyeji wote wasio na shahada, bila ada.

Kima cha chini cha mshahara Massachusetts kilifika dola 15 kwa saa mwezi wa Januari 2023. Florida nako wananchi wenyewe, kwa kura zaidi ya asilimia 60 mwaka 2020, waliamua kipande hatua kwa hatua mpaka kifike hiyo 15 mwezi wa Septemba 2026. Twalitaja hili makusudi, ili mtu asiseme watu wa Florida ni wabaya. Watu wa Florida wakiulizwa moja kwa moja hujibu kama watu wa mahali popote. Shida ni wale wakaao katikati ya watu na sheria.

Kuhusu maradhi, habari ni fupi. Massachusetts ilipitisha sheria ya bima ya afya mwaka 2006, na leo watu wasio na bima ni wachache kuliko jimbo lolote la Marekani. Florida ni miongoni mwa majimbo kumi yaliyokataa kuongeza mpango wa serikali wa kuwatibu maskini, ingawa sehemu kubwa ya gharama ingelipwa na serikali ya shirikisho. Kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi hana bima. Hata hivyo haki itendeke: mwaka 1991 wapiga kura wa Miami walikubali kujitoza nusu senti katika kila dola ya manunuzi ili hospitali yao ya umma, Jackson Memorial, isife. Hospitali hiyo yasimama mpaka leo kwa senti za watu.

Nyumba je? Hapa miji yote miwili yamnyonga mpangaji, kila mmoja kwa kamba yake. Boston ilikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipande ovyo. Mwaka 1994 jimbo zima likapiga kura kuifuta, na waliotaka ifutwe wakashinda kwa kura chache. Watu wa Boston wenyewe walitaka ibaki! Walipigiwa kura na watu wa vijiji ambako sheria hiyo haikuwako. Tangu hapo kodi imepanda hata mwalimu na muuguzi hukimbilia miji ya mbali na kurudi kwa treni alfajiri. Florida nayo mwaka 2023 imekataza kabisa mji wowote kudhibiti kodi za nyumba.

Lakini Miami ina adui mwingine, naye ni bahari. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa yenye vitundu kama sifongo. Ukijenga ukuta ufuoni, maji hupita chini yake yakatokea barabarani siku za bamvua, hata kama mvua haijanyesha. Miami Beach imetumia mamilioni mengi kuweka mashini za kuvuta maji na kuinua barabara. Basi wenye fedha wakaanza kutazama ramani, wakagundua kwamba ardhi iliyoinuka kidogo ndani ya mji ni ile waliyowekwa watu weusi zamani, maana zamani ya kupendwa ilikuwa ufuo. Liberty City iko juu. Little Haiti iko juu. Mwaka 2019 madiwani wa Miami walikubali mradi mkubwa wa majumba marefu katikati ya Little Haiti, na wauza duka wa Kihaiti waliokuwa wakipanga hapo tayari walikuwa wameanza kuondolewa. Kwanza watu walifukuzwa ufuoni kwa sababu ufuo ni mzuri. Sasa wafukuzwa mlimani kwa sababu ufuo umekuwa mbaya. Na ubaya wake hauwagusi maskini peke yao. Tarehe 24 Juni 1991 hapana, twasahihisha kalamu yetu, 24 Juni 2021, ghorofa la Surfside, kaskazini kidogo ya Miami Beach, liliporomoka usiku na kuua watu 98, wengi wao watu wenye uwezo.

Sasa twataka kusimulia habari ya barabara moja, maana tukiielewa hiyo tumeielewa tofauti ya miji hii kuliko orodha kumi.

Barabara kuu nambari 95 ya Marekani huanzia Miami, hufuata pwani ya mashariki mpaka mpaka wa Kanada. Mwaka 1896 Miami ilipofanywa mji, wapiga kura walikuwa 368, na kati yao 162 walikuwa watu weusi, vibarua wa reli wengi wao. Walihitajika siku ile kutimiza idadi. Kura zilipokwisha, wakaambiwa wakae upande mmoja wa reli, mahali palipokuja kuitwa Overtown. Walipajenga. Waimbaji wakubwa weusi waliokuwa wakiimba katika hoteli za Miami Beach hawakuruhusiwa kulala humo, wakavuka maji usiku kuja kulala na kuimba tena Overtown. Kisha katika miaka ya 1960 wakubwa wa barabara walichora mstari wa nambari 95 ukapita kifuani mwa Overtown. Maduka, makanisa na nyumba zikavunjwa. Watu waliokuwa wapata 40,000 wakabaki kama 10,000.

Barabara hiyo hiyo, nambari hiyo hiyo, ilichorwa ipite Roxbury na Jamaica Plain ndani ya Boston. Boston ilikuwa imekwisha kuonja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaa wa West End, wa Wataliani, Wayahudi na wanyonge wengine wa kizungu, ulifutwa wote, familia zaidi ya 2,000 zikatupwa. Na kwa ajili ya barabara nyumba nyingi za Roxbury zilikwisha kubomolewa. Ndipo watu weusi wa Roxbury, Wazungu maskini wa Jamaica Plain, mapadre na wahandisi vijana wakaungana. Walikwenda wakaandamana mbele ya Bunge la jimbo. Mwezi wa Februari 1970 gavana Francis Sargent, aliyekuwa zamani mkuu wa kazi za barabara yeye mwenyewe, akasimamisha ujenzi, na baadaye akaufuta. Palipobomolewa ikapitishwa treni, iliyofunguliwa mwaka 1987, na bustani ndefu ya wananchi. Leo mtu atokaye Roxbury kwenda kazini hupita hapo kwa miguu au kwa treni, na barabara nambari 95 imezunguka nje ya mji.

Hatusemi kwamba watu wa Overtown walikuwa wazembe. Walikuwa chini ya sheria za ubaguzi za Kusini, na wafanyakazi weusi wa Miami Beach tangu miaka ya 1930 walikuwa wakiandikishwa polisi, wakichukuliwa alama za vidole na picha, wakabeba kadi ili waruhusiwe kuwa ufuoni. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni hawahitaji kuelezwa kadi hiyo ni kitu gani.

Na kwa kuwa tumetaja kipande, wasomaji wajue kwamba Boston nayo iliwahi kukitengeneza. Mwaka 1970, ng'ambo ya mto tu, mjini Cambridge, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba picha za kampuni yao zatumiwa kwenye vitabu vya pasi vya Makaburu wa Afrika Kusini. Walianzisha upinzani, Hunter akafukuzwa kazi. Mwaka 1977 kampuni ikaondoka Afrika Kusini. Na mwanzoni mwa mwaka 1983 Massachusetts ikapitisha sheria ya kuondoa fedha za pensheni za watumishi wake katika makampuni yaliyofanya biashara na Makaburu, kura ya turufu ya gavana ikashindwa.

Basi Juni 1990 Mzee Mandela, akiwa ametoka kifungoni miezi michache tu, aliitembelea miji yote miwili. Boston ilimpokea kwa umati mkubwa kando ya mto Charles, naye akashukuru. Siku chache baadaye alifika Miami Beach kuhutubia mkutano wa chama cha wafanyakazi. Kabla hajafika alikuwa amesema katika televisheni kwamba hatawakana waliomsaidia, akiwemo Fidel Castro. Kwa neno hilo, mameya wenye asili ya Kuba wakaandika barua ya kumlaumu, na mji wa Miami ukakataa kumpa makaribisho ya heshima. Sisi wa Afrika twajua nani alimwaga damu Angola kuwazuia Makaburu, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza kwa nini Mzee hakukana.

Watu weusi wa Miami walijibu vizuri. Wakiongozwa na wakili H. T. Smith, waliwaambia wageni wote wenye mikutano: msije Miami. Hawakurusha jiwe. Mwaka 1980 mawe yalikuwa yamerushwa, polisi walipoachiliwa na wazee wa baraza weupe watupu baada ya Arthur McDuffie kupigwa mpaka akafa, na watu 18 wakafa katika fujo. Safari hii walishika mfuko. Mgomo ukadumu karibu miaka mitatu, hoteli zikapoteza mamilioni, na mwaka 1993 wakubwa wakaja mezani wakakubali masharti, likiwemo la kuwepo hoteli kubwa ya mtu mweusi huko huko Miami Beach ambako baba zao waliingia kwa kadi. Ilifunguliwa mwaka 2002.

Je, tumeisifu Boston mno? Hapana, bado hatujaisema. Mwaka 1974 jaji alipoamuru watoto weusi na weupe wachanganywe shuleni, mabasi ya watoto weusi yalipopolewa mawe South Boston. Mwaka 1976 kijana wa kizungu alimshambulia wakili mweusi, Ted Landsmark, mbele ya jumba la mji kwa mti wa bendera ya taifa lao. Mwaka 1989, miezi minane kabla Mandela hajapokewa kwa nyimbo, Mzungu aliyemuua mkewe alisema muuaji ni mtu mweusi, na polisi wakaingia mtaa wa Mission Hill wakiwavua vijana nguo barabarani. Mji uliomba radhi mwaka 2023.

Na ikiwa kuna tarakimu moja ya kukumbukwa katika makala haya yote, ni hii. Mwaka 2015 benki kuu ya serikali tawi la Boston ilishiriki kutoa taarifa juu ya mali za watu wa sehemu hizo. Ukitoa madeni, familia ya kizungu ya katikati ilikuwa na dola 247,500. Familia nyeusi ya Kimarekani, isiyo ya wahamiaji, ilikuwa na dola 8. Hatukuacha sifuri. Ni dola nane. Na mwaka 2023 idara ya afya ya mji huo huo wa waganga mashuhuri ilionyesha kwamba mtu wa Back Bay hutarajia kuishi miaka ipatayo 23 zaidi ya mtu wa sehemu ya Roxbury, mwendo mfupi tu kwa basi. Karibu na hapo pana kiwanja ambacho tangu mwaka 2019 chaitwa Nubian Square, jina la Nubia yetu. Jina ni zuri. Twangoja nyumba.

Roxbury ndiko alikokulia ujanani Malcolm X, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1964, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa Miami usiku Muhammad Ali alipomshinda Sonny Liston. Ali alishinda Miami Beach, akaenda kusherehekea upande wa watu weusi.

Kwa hiyo ndugu wakituuliza twajibu bila kuficha. Tajiri akaishi Miami, ataipenda mpaka maji yamfikie. Kabwela twamchagulia Boston, japokuwa mali ya nchi hiyo haimo mikononi mwa watu weusi na baridi yake ni kali, kwa sababu hospitali haitamuuliza kwanza kama ana bima kisha imfungie mlango wa tiba ya kawaida, mtoto wake atapata chuo, na baraza lake la mji likitaka kumwekea basi la bure, kama lilivyofanya mwaka 2022 kwa njia za 23, 28 na 29 zipitazo mitaa ya watu weusi, hakuna mkubwa wa jimbo aliyelifunga mdomo. Katika kodi ya nyumba mdomo huo umefungwa tangu 1994, na wapangaji wa huko wanaupigania.

Anayekwenda Boston achukue koti zito na aandike jina lake katika chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza. Anayekwenda Miami aulize kwanza nyumba iko juu ya bahari kwa meta ngapi, na mwajiri ataweka wapi pipa la maji.